Hii "steji ya 4" ilitoka wapi?

Mwaka jana, Jumanne moja jioni, grupu ya familia ya WhatsApp iliingia ujumbe mfupi sana: "Wamesema ni steji ya 4."

Mjomba wangu alikuwa na miezi kadhaa ya shida ya kumeza. Ilianza na nyama. Akaacha nyama. Ikafuata ugali, akawa anausukuma na maji. Mwishowe ikabaki uji, na hata huo uji anaunywa akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Akapelekwa hospitali, akaingizwa kamera kooni, wakaona uvimbe. Kansa ya koo, ndivyo tunavyoiita mtaani. Kwa vitabu ni saratani ya umio, yaani ule mrija unaotoa chakula kooni na kukipeleka tumboni.

Baada ya ule ujumbe hakuna mtu aliuliza swali. Hakuna. Zilikuja emoji za mikono ya kuomba. Shangazi akaandika Mungu ndiye daktari mkuu. Na ndani ya saa moja, bila aibu, kuna watu walikuwa washaanza kuongea juu ya shamba.

Sasa wewe unajua vile kwetu steji ni mahali pa kungoja mat. Mat ikifika steji ya mwisho, makanga anagonga bodi na kila mtu anashuka, hata kama unadai chenji. Nafikiri ndivyo sisi wote tulielewa. Kuna steji nne, mjomba yuko ya nne, basi safari imeisha, shuka.

Mimi si daktari. Hata digrii sina, niliachia chuo mwaka wa pili na mnajua hiyo stori. Lakini kitu kimoja nilitoka nacho chuoni ni kuuliza: hii namba ilitoka kwa nani? Nani alikaa chini akaamua ziko nne na si saba? Nikaanza kusoma. Na vile nilisoma, niligundua tulikuwa tumeelewa vibaya, na kuelewa vibaya kulitugharimu. Nitafika hapo. Kwanza historia.

KABLA YA NAMBA

Rudi mpaka 1868, mji wa Freiburg, Ujerumani. Kuna daktari anaitwa Adolf Kussmaul, na shida yake ni hii: watu wanakuja kwake wakisema chakula kinakwama, na yeye hana njia ya kuona kinakwama wapi. Umio uko ndani ya kifua, nyuma ya moyo. Ukitaka kuuona ni mpaka mtu afe, upasue.

Kussmaul akafanya kitu ambacho leo kingepata views milioni. Akamtafuta mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga kwenye maonyesho, akamwambia: badala ya upanga, meza hii. "Hii" ilikuwa bomba lililonyooka, urefu sentimita 47, upana milimita 13. Jamaa akameza bila noma. Taa za wakati huo zilikuwa hafifu sana, kwa hivyo Kussmaul hakuona mengi. Lakini alikuwa amethibitisha kwamba mtu aliye hai anaweza kuchunguzwa ndani ya umio. Kila kamera inayoingizwa kooni leo, hata ile ya mjomba, ina deni kwa yule mmeza panga.

1895 Wilhelm Röntgen akagundua eksirei. Baadaye madaktari wakaanza kumpa mgonjwa kinywaji kizito cheupe, akimeza wanampiga picha, na pale njia imebana wanaona kinywaji kikipita kama maji kwenye mfereji uliojaa taka.

Halafu 1913, New York, daktari wa upasuaji Franz Torek akathubutu kilichowashinda wengine. Alifungua kifua cha mama wa miaka 67 akatoa sehemu ya umio iliyokuwa na saratani. Hakujua jinsi ya kuunganisha zile ncha mbili zilizobaki, basi akaacha tundu shingoni, tundu lingine tumboni, na katikati yake mrija wa mpira unaopita nje ya mwili. Mama akawa anakula kwa njia hiyo. Aliishi miaka 13 zaidi.

Hebu tulia hapo kidogo. Miaka 13, na mrija wa mpira! Wengi waliopasuliwa miaka hiyo walikufa haraka sana. Sasa jiulize kama daktari wa 1913: huyu mama alipona kwa sababu Torek ni fundi kuliko wengine? Au kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa bado haujaenda mbali? Hakuna aliyeweza kukujibu kwa uhakika, kwa sababu hakukuwa na lugha moja ya kusema ugonjwa umefika wapi. Kila daktari alikuwa na maneno yake: "umezidi," "haujazidi," "bado kuna nafasi." Ni kama kuuliza mtu mvua imenyesha kiasi gani akakwambia "ya maana."

UGOMVI WA RADIAMU

Namba zenyewe hazikuanzia kwa umio. Zilianzia kwa saratani za wanawake. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mjerumani anaitwa Steinthal aligawa saratani ya titi kwa makundi matatu kulingana na vile imesambaa. Lakini ile ngazi ya nne tunayoijua ilishika kasi kwa sababu ya radiamu.

Marie na Pierre Curie walitangaza radiamu 1898. Kufika miaka ya 1920, hospitali kubwa za Ulaya, za Stockholm, Paris na Munich, zilikuwa zinaitumia kutibu saratani ya mlango wa kizazi. Kila moja inatoa takwimu zake za waliopona. Na hapo ndipo shida iliingia. Hospitali inayochukua wagonjwa wepesi tu na kuwarudisha nyumbani wale wazito itaonekana ina dawa kali. Inayopokea kila mtu itaonekana haijui kazi. Unalinganishaje?

Suala hilo likafika kwa Shirikisho la Mataifa, yaani lile lililokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa. Kamati yake ya saratani ikakubaliana 1929 juu ya ngazi nne za saratani ya mlango wa kizazi, kutoka ule uvimbe uliobaki mahali pake mpaka ule uliosambaa. Hospitali zote zikaambiwa: mkitoa takwimu, toeni kwa ngazi hizi.

Ona hii kitu vizuri, kwa sababu ndiyo moyo wa hii makala. Ngazi zilibuniwa ili madaktari wasidanganyane kwenye takwimu. Zilikuwa za kulinganisha kundi la wagonjwa na kundi lingine. Hakuna aliyekaa kwenye ile kamati akasema, "Sasa tutengeneze namba ya kumwambia mtu arudi nyumbani akagawe shamba."

MFARANSA NA HERUFI TATU

Mwaka 1943 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani wa Hitler. Hapo karibu na Paris, Villejuif, kwenye taasisi ya saratani ya Gustave Roussy, daktari anaitwa Pierre Denoix alianza kazi ambayo ingemchukua mpaka 1952. Alitaka mfumo mmoja utakaofanya kazi kwa karibu kila saratani, si ya mlango wa kizazi pekee.

Wazo lake ni rahisi mpaka unajiuliza mbona halikuja mapema. Alisema usianze na namba moja. Anza na maswali matatu.

La kwanza, T. Uvimbe wenyewe umefika wapi pale ulipoanzia?

La pili, N. Umeingia kwenye tezi za limfu zilizo karibu? Hizi tezi ni vile vinundu vidogo vinavyochuja maji ya mwili. Ukiwa na jino bovu unavisikia chini ya taya. Saratani ikitoroka, mara nyingi hupitia hapo.

La tatu, M. Umeruka ukaenda mbali, kama kwa ini, mapafu au mifupa?

Majibu ya hayo matatu ndiyo yanajumlishwa kupata steji. Yaani steji ni muhtasari. Ni kama mwalimu kukupa gredi ya C. Hiyo C inaweza kuwa ya mtu aliyepita hesabu akaanguka Kiswahili, na ya mwingine aliyefanya kinyume. Gredi moja, watu wawili tofauti, na ukitaka kuwasaidia lazima ufungue karatasi uone maksi.

Umoja wa kimataifa wa kupambana na saratani, ule unaojulikana kama UICC, uliuchukua mfumo wa Denoix miaka ya 1950, na 1968 ukatoa kitabu kidogo cha kwanza kilichokusanya saratani mbalimbali. Wamarekani nao walikuwa wameunda kamati yao 1959, na wakatoa kitabu chao 1977. Kwa miaka kumi hivi kukawa na vitabu viwili visivyokubaliana kila mahali. Walipatana 1987. Wajapani, ambao saratani ya umio imewasumbua muda mrefu, walishakuwa na mwongozo wao wa umio tangu 1969, na mpaka leo wana matoleo yao.

Kwa hivyo hata ile "steji" tunayoiongelea kama kwamba ilishuka na Musa kutoka mlimani ni kitu ambacho watu wazima walibishania miaka na mikaka.

KOSA LA RULA

Sasa tuje kwa umio wenyewe, kwa sababu hapa historia inakuwa tamu.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, T ya umio ilipimwaje? Kwa urefu. Uvimbe ukiwa sentimita 5 au chini, na haujaziba njia wala kuzunguka umio wote, ni T1. Ukizidi sentimita 5, au ukiziba, ni T2. Ukitoka nje ya umio, T3. Mbona urefu? Kwa sababu urefu ndio walioweza kuuona. Picha ya eksirei na kile kinywaji cheupe inakuonyesha uvimbe umeanzia wapi ukaishia wapi. Unaweka rula, unaandika.

Lakini watu waliokuwa wanapasua na kuchunguza vipande kwa hadubini walikuwa wanaona kitu kingine. Uvimbe mrefu lakini wa juu juu, mgonjwa anaendelea kuishi. Uvimbe mfupi lakini uliochimba ndani, mgonjwa anaenda. Kumbe kisichoonekana kwa rula ndicho kilikuwa kinaua: kina.

Chukua ukuta wa nyumba. Ndani kuna plasta, chini ya plasta kuna tabaka, halafu mawe, halafu upande wa nje. Ukuta wa umio uko hivyo. Kwenye kitabu cha 1987 rula ikatupwa, na T ikaanza kuhesabiwa kwa kina. Leo inasomeka hivi: T1 ni saratani iliyobaki kwenye plasta au ikafika tu kwenye tabaka lililo chini yake. T2 imeingia kwenye msuli, yaani mawe. T3 imepita msuli ikafika kwenye ganda laini la nje. T4 imetoka nje na kushika jirani.

Na majirani wa umio si watu wa kuchezewa. Kuna utando wa mapafu, utando wa moyo, kiwambo cha kupumulia: hao wanaandikwa T4a, na daktari wa upasuaji mara nyingine anaweza kukata na kutoa. Halafu kuna mshipa mkuu wa damu, bomba la hewa na uti wa mgongo: hiyo ni T4b, na hapo kisu kwa kawaida hakiingii.

Kuna sababu mbili zinazofanya umio uwe mgumu kuliko viungo vingine. Moja, viungo vingi vya tumboni vina utando wa nje unaochelewesha saratani kutoka. Umio hauna. Ukuta wake nje umevaa ganda jepesi tu, kama nyumba isiyo na geti. Mbili, njia za limfu kwenye umio ziko karibu sana na juu na zinapanda na kushuka urefu wote. Kwa hivyo saratani changa inaweza kushafika kwenye tezi za shingo au za tumbo kabla mtu hajaanza kusumbuliwa na ugali. Na umio unapanuka. Ukisikia chakula kinakwama, njia imeshabana sana. Ndiyo maana watu wengi hufika wakiwa wamechelewa, na si kwa sababu walikuwa wajinga.

Kubadilisha rula kwa kina kusingewezekana bila vyombo vipya. Skani ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London 1971, kichwa tu kwanza, baadaye mwili mzima. Miaka ya 1980 wakaunganisha kamera ya kooni na altrasaundi, ile ile ya kina mama wajawazito, ikawa inaweza kuhesabu matabaka ya ukuta ikiwa ndani kwa ndani. Baadaye ikaja skani ya PET, inayoonyesha mahali seli zinakula sukari kwa pupa. Kila chombo kilipokuja, watu walihama steji bila ugonjwa wao kubadilika hata kidogo. Mtu wa steji ya 2 kwa macho ya 1970 angekuwa wa 4 kwa macho ya leo, kwa sababu tungeona kadoa kwenye ini ambako zamani hakungeonekana.

Soma hiyo sentensi tena. Steji inategemea ugonjwa, ndio. Lakini inategemea pia umeangaliwa na nini.

WALIOHESABIWA NA WASIOHESABIWA

Mpaka 2009, N ya umio ilikuwa ndiyo au hapana: kuna tezi yenye saratani au hakuna. Na mipaka mingi kati ya steji iliwekwa na wataalamu waliokaa mezani wakakubaliana. Halafu madaktari wa Cleveland, Marekani, wakiongozwa na Thomas Rice na Eugene Blackstone, wakasema tuache kukisia, tukusanye data. Wakaomba hospitali 13 ziwape rekodi. Wakapata wagonjwa 4,627. Kompyuta ikapanga nani aliishi muda gani, na ngazi zikachorwa upya. Hapo ndipo tezi zilianza kuhesabiwa: moja au mbili ni N1, tatu mpaka sita ni N2, saba kwenda juu ni N3. Hapo pia ndipo zile aina mbili kubwa za saratani ya umio zilitenganishwa kwenye jedwali, kwa sababu haziendi mwendo mmoja. Hiyo inayoitwa skwamasi ndiyo karibu yote tuliyo nayo Kenya. Ile nyingine, adenokasinoma, ndiyo imepanda sana Marekani na Ulaya.

Kazi safi. Lakini wale 4,627 walikuwa akina nani? Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji, bila dawa za kemo wala mionzi. Na zile hospitali 13 zilikuwa za Asia, Ulaya na Amerika Kaskazini.

Afrika hakuna.

Na hapa sisi tunaishi kwenye ukanda ambao saratani hii imejaa. Si habari ya juzi. Jarida la Uingereza la saratani lilichapisha 1969 utafiti juu ya wingi wa saratani ya umio magharibi mwa Kenya. Ramani za miaka hiyo zilionyesha mstari unaoshuka upande wa mashariki na kusini mwa Afrika, sehemu zingine zimejaa, jirani yake hakuna kitu. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa wake, na kitu kilichoshtua dunia ni umri. Huko wamepata watu chini ya miaka 30. Rika letu. Kwa nchi nyingi huu ni ugonjwa wa wazee.

Kwa hivyo ile ngazi ilijengwa na watu waliofika mapema kiasi cha kupasuliwa, kwenye nchi zenye skani kila kona, halafu ikaletwa kwetu ambako wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza mate. Toleo la 8, la 2017, lilijaribu kurekebisha: wagonjwa 22,654, hospitali 33, mabara sita, na safari hii hata waliopewa kemo na mionzi wakaingizwa. Pia likatenganisha steji kwa majedwali matatu. Lipo la steji inayokisiwa kwa skani kabla ya matibabu, la ile inayothibitishwa kwa hadubini baada ya upasuaji, na la ile inayoonekana kwa aliyeanza na dawa ndipo akapasuliwa. Yaani wenyewe walioandika kitabu wanakiri kwamba "steji ya 3" iliyokisiwa na "steji ya 3" iliyothibitishwa si kitu kimoja.

Lakini nani alikwambia hiyo? Mimi hakuna aliyeniambia.

STEJI YA 4 NI MBILI

Hapa ndipo nilipata kizunguzungu nikisoma usiku. Kwenye kitabu hicho cha 2017, kwa saratani ya skwamasi iliyopimwa kabla ya matibabu, steji ya 4 imegawanywa. Kuna 4A na kuna 4B.

4B ni ile tunayoifikiria sote: imeruka, iko kwa ini au mapafu. Hapo matibabu kwa kawaida ni ya kumpa mtu muda zaidi na kumpunguzia mateso.

4A haijaruka popote. Ni uvimbe ulioshika jirani, au tezi saba na zaidi, lakini M ni sifuri. Wengine wa 4A, kama mwili una nguvu, wanaweza kupewa kemo na mionzi kwa nia ya kuponya kabisa. Si wote. Uwezekano si mkubwa. Lakini nia ni tofauti, mpango ni tofauti, na haraka inayotakiwa ni tofauti.

Sasa turudi kwa mjomba.

Yule aliyesema "steji ya 4" alisema baada ya kamera ya kooni pekee. Kamera inaonyesha ndani ya mrija. Haionyeshi ini. Haionyeshi mapafu. Haihesabu tezi. Mjomba hakuwa amepigwa skani yoyote. Ile namba ilikuwa makisio ya mtu aliyechoka, aliyeona uvimbe mkubwa na mzee aliyekonda, na labda mara tisa kwa kumi angekuwa sahihi. Simchukii. Lakini sisi tuliichukua kama hukumu ya mahakama kuu. Mjomba akarudishwa nyumbani, akaanza dawa za miti, watu wakaanza kumtembelea kumuaga.

Baada ya miezi mitatu binamu yangu mmoja alikataa. Akauza pikipiki, akampeleka hospitali nyingine, skani ikapigwa. Ini safi. Mapafu safi. Uvimbe ulikuwa umepita msuli, na tezi kadhaa zilikuwa zimeshikwa. Kwa karatasi ile ilikuwa steji ya 3.

Daktari akatuambia polepole: ungekuwa mwezi wa kwanza tungeanza kemo na mionzi. Lakini sasa mwili umeisha. Kwa miezi mitatu alikuwa ameishi kwa chai na maji ya mchele. Hangeweza kubeba matibabu. Wakamwekea ule mrija wa waya unaofungua njia, akala tena vitu laini, akafurahia viazi vilivyopondwa kama mtoto. Tukamzika mwezi wa nane.

Siwezi kusema angepona. Hata steji ya 3 ya hii kitu ni vita, na wengi hupoteza. Ninachosema ni kwamba tulimwondolea mchezo kabla haujachezwa, kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyeuliza imepatikanaje.

WALIOGEUZA NGAZI

Kuna watu walioamua kutosubiri steji ya 4. Linxian, China, ni wilaya iliyokuwa na saratani ya umio nyingi kupita karibu mahali pote duniani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, daktari anaitwa Shen Qiong alitumia kipira kidogo chenye wavu. Unakimeza, kinapulizwa hewa, kinavutwa taratibu, na njiani kinakwangua seli za umio. Seli zinawekwa chini ya hadubini. Hakukuhitaji skani wala hospitali kubwa. Wakaanza kupata saratani ambazo mwenyewe hajazisikia, na kwa mara ya kwanza madaktari waliona kwa wingi jinsi steji ya mwanzo ya umio inavyofanana. Baadaye wakaongeza kupaka umio ayodini kwa kamera: sehemu nzima inakuwa kahawia, sehemu yenye kasoro inabaki nyeupe.

Tenwek wamejaribu hiyo ya ayodini. Walichunguza watu zaidi ya 300 wa eneo hilo wasio na dalili yoyote, na zaidi ya mmoja kwa kila kumi alikuwa na seli zilizoanza kuharibika. Hao hawajafika kwa ngazi bado. Hao ndio wa kuokolewa. Na hiyo kazi inahitaji pesa na serikali iliyo na nia, si harambee za WhatsApp.

SASA UFANYEJE

Moja, chakula kikianza kukwama kwa mtu wenu wiki mbili au tatu, hasa kama anakonda, hiyo si asidi mpaka kamera iseme ni asidi. Msimnunulie tu dawa ya tumbo kwa duka la kona.

Mbili, mkiambiwa steji, ulizeni maswali matatu ya Denoix. T ngapi? N ngapi? M ngapi? Halafu la nne, ambalo ndilo la muhimu: mmejuaje? Kwa kamera, kwa skani, au kwa kukisia? Uliza kwa heshima, daktari mzuri hatakasirika. Kama jibu ni "bado hatujapiga skani," basi hamna steji bado. Mna wasiwasi tu.

Tatu, wakati mnangojea majibu, mlisheni mgonjwa. Uliza juu ya uji wenye nguvu, maziwa, mayai, mrija wa kulia, chochote. Mwili ukiisha, hata steji nzuri haisaidii.

Na nne, hata ikiwa kweli ni 4B, mtu bado yuko hai. Kuna kumfungulia njia ale, kuna kumtoa maumivu, kuna kuongea naye akiwa anasikia. Mambo ya shamba yatangoja.

Watu wa 1929 walitengeneza hizi ngazi ili ukweli usifichwe. Sisi tumezigeuza zikawa za kufunga mazungumzo. Kama kuna ujumbe kama ule umeingia kwa grupu yenu wiki hii, usitume emoji. Piga simu, uliza mmejuaje. Na kama una mzee nyumbani anayesukuma ugali na maji, funga hii simu uende umwulize ilianza lini.